Kijiji Kilichonunua Baa Yake



Leo tuzungumze juu ya chakula, tena chakula cha baa. Msishangae. Kwetu mtu akisema anakwenda baa, wengi hudhani anakwenda kulewa. Lakini katika vijiji vya Uingereza, baa ni mahali pa kula pia. Jumapili mchana watu huenda na watoto wao. Hula nyama ya ng'ombe ya kuokwa, viazi, karoti na kabichi, na mchuzi mzito juu yake. Watu wa Yorkshire huongeza kitu chao. Hukoroga unga wa ngano, mayai na maziwa, wakamimina katika mafuta ya moto na kuoka mpaka ukafura kama andazi.

Basi, huko Yorkshire kuna kijiji kiitwacho Hudswell. Kilikuwa na baa moja tu, jina lake George and Dragon. Mwaka 2008 baa hiyo ilifungwa.

Je, mlango wa namna hiyo ukifungwa, kinapotea nini? Si bia tu. Mzee anayeishi peke yake hana tena pa kula na wenziwe. Majirani hawakutani. Kijiji kinabaki nyumba tupu zilizo karibu karibu.

Wanakijiji wa Hudswell hawakukaa kulalamika. Waliunda chama, wakauza hisa, wakalinunua jengo. Wakalitengeneza, na mwaka 2010 baa ikafunguliwa tena. Kupika na kuuza si kazi yao. Walimpangisha mtu aijuaye kazi hiyo. Lakini jengo ni mali ya wanachama.

Tena hawakuishia kwenye chakula na bia. Humo ndani waliweka duka dogo na maktaba. Naam, vitabu ndani ya baa! Nyuma wakagawa vipande vya bustani kwa wanakijiji. Chama cha wapenzi wa bia za kienyeji cha Uingereza kiliichagua kuwa baa bora ya nchi nzima kwa mwaka 2016.

Njia hiyo ni ya zamani. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, watu 28 walichanga fedha wakafungua duka la ushirika. Waliuza unga, siagi na sukari. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na hisa nyingi au chache.

Ndugu zetu, mgahawa wa kijiji nao waweza kuwa wa ushirika. Wapishi hodari tunao, na mboga tunalima wenyewe. Linaloua vyama vingi ni daftari la fedha kusomwa na mtu mmoja peke yake. Sisi tuliojifunza kusoma tusikubali hilo. Daftari lisomwe mkutanoni, mapato na matumizi, kila mtu asikie. Hapo ndipo chungu cha wote kitaendelea kuchemka.