Soga: Mji Mdogo wa Mkonge na Reli

Hotuba ya mzee wetu, mstaafu wa reli na mzaliwa wa Soga, katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama

  

Katibu aliponipigia simu aliniambia, "Mzee, njoo utuhadithie habari za Soga, vijana hawaijui." Nikamjibu kwamba vijana wanaijua sana, ila wanaijua kwa bei ya kiwanja. Akacheka. Mimi sikuwa natania, na kabla sijakaa mtaona kwa nini.

Mimi ni mtoto wa mkonge na reli. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi. Reli ilimleta pwani kukata mkonge, akiwa na mkataba wa kibarua na blanketi moja. Mama yangu ni Mzaramo wa upande wa Kisarawe. Wajomba zangu, kwa kuwa ni watani, hawakumwacha apumue tangu siku ya posa mpaka siku ya maziko yake. Nikitazama ukumbi huu naona wenzangu wengi wa namna hiyo. Baba katoka bara, mama wa hapa, na kilichowakutanisha ni filimbi ya gari moshi.

Tuanze na reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka uleule Vita vya Maji Maji vilipowaka. Watu wa Uzaramo nao waliingia vitani, kwa sababu walikuwa wamechoka kulimishwa pamba kwa lazima kwa faida isiyowafikia. Jumbe Kibasila wa Kisangire, huko Kisarawe, alinyongwa, na jina lake mnalisoma leo kwenye kibao cha shule Dar es Salaam. Kwa hiyo mjue kwamba zao la biashara halikuingia kwetu kwa hodi.

Reli ikapanda vilima vya Pugu na kuvitoboa. Mahandaki yale ya zamani yapo hadi leo, na wenyeji wake sasa ni popo. Ikashuka Mpiji, ikapita Soga, ikavuka Ruvu, na mwaka 1907 ikafika Morogoro. Mwaka 1912 ilikuwa Tabora, na mwaka 1914 ikagusa ziwa Kigoma. Haikujengwa kwa ajili yetu. Ilijengwa kuchota mali ya bara na kuileta bandarini. Ila gari moshi lina tabia moja, lazima lisimame. Lilihitaji maji, lilihitaji kupishana na jingine, na liliposimama, mtu wa hapo alitokea na muhogo wa kuchoma. Hivyo ndivyo vilivyozaliwa vituo vyetu vyote, kutoka Pugu mpaka Ruvu.

Mkonge nao ulikuja kama mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Marekani, na iliyofika hai Pangani ni 62 tu. Kutokana na miche hiyo ikazaliwa mali iliyoipa Tanganyika jina duniani. Mkonge ulitapakaa Tanga, kisha ukaifuata Reli ya Kati: Soga, Ngerengere, Kingolwira, mpaka Kimamba kule Kilosa.

Kwa nini uifuate reli? Vijana, sikilizeni hesabu yake. Ukikata kilo 100 za majani ya mkonge unapata kilo kama nne tu za nyuzi. Kilichobaki ni maji na makapi. Kwa hiyo majani hayawezi kusafirishwa mbali. Yanakatwa, yanafungwa mafungu, yanavutwa kwa vitoroli hadi kwenye mashine ya korona hapohapo shambani, yanasagwa, nyuzi zinaanikwa juani, zinapigwa brashi, zinashindiliwa kuwa marobota. Robota ni zito, nalo linataka behewa. Shamba bila reli lilikuwa jalala la majani, na reli bila mizigo ilikuwa hasara. Soga ilisimama pale ambapo vitu hivyo viwili vilikutana.

Na katikati ya vitu hivyo viwili alisimama mtu. Wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kutafuta wafanyakazi, lililoanzishwa mwaka 1944, ambalo watu waliliita SILABU. Liliwakusanya vijana kutoka Uha, Ubena, Ungoni, Unyamwezi na kwingineko, likawapa namba, nasi tukawaita manamba. Kila mmoja alipewa kipande, kadi ya kuhesabia siku zake. Ukimaliza kazi uliyopangiwa, siku inaandikwa. Usipomaliza, jasho lako ni la bure. Baba alikuwa na kovu la mwiba wa mkonge chini ya jicho. Nilipomuuliza, alisema, "Huo ndio muhuri wa mkataba."

Wapo waliomaliza mkataba wakarudi kwao. Wapo waliobaki, wakaomba ardhi kwa wenyeji, wakapanda mikorosho, miembe na mihogo, wakaoa. Ndiyo maana Soga ilikuwa na ngoma za kila namna siku ya Jumapili, na mtoto wa hapa alijifunza matusi ya utani ya makabila saba kabla hajajua kuandika jina lake.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni dirisha.

Treni ya abiria ilipoingia stesheni, mama zetu walikuwa tayari. Beseni kichwani, mtoto mgongoni. Maembe, madafu, mahindi ya kuchoma, korosho kwenye vikaratasi, kuku aliyefungwa miguu. Abiria anatoa mkono dirishani, mama anainua beseni, bei inakatwa huku behewa linatembea. Wengine tulikimbia na chenji mpaka mwisho wa jukwaa. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye dirisha la treni. Nilipoajiriwa reli baadaye, nilikuwa nimeshaifanyia biashara miaka kumi.

Mkonge ulifikia kilele mwaka 1964, nchi ilipozalisha tani kama 230,000. Kisha zikaingia kamba za plastiki viwandani Ulaya na Marekani, na bei ikaporomoka. Mwaka 1967 ukaja utaifishaji, mashamba mengi yakawa ya umma, na yalikuwa yameanza kuugua tayari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa haufiki tani 40,000. Kwetu tuliona kwa macho: korona zikanyamaza, vichaka vikafunika mistari. Reli nayo ikachoka. Treni iliyokuwa ikija kwa saa ikawa inakuja kwa siku.

Hapo ndipo tulipojua hatukuwa na kitu. Shamba lilikuwa la wengine. Reli ilikuwa ya wengine. Miaka sitini mji uliishi kwa vitu viwili, na hakuna hata karatasi moja iliyosema kwamba sehemu yoyote ni yetu. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tulikuwa na mali, tukakosa daftari.

Nikiwa mstaafu nasoma sana habari za reli, na nimekutana na ndugu yetu wa mbali. Uingereza, katika jimbo la Kent, kuna mji mdogo uitwao Paddock Wood. Haukuwapo kama mji mpaka stesheni ilipofunguliwa mwaka 1842. Zao lao lilikuwa hopsi, mmea unaotambaa kwenye miti mirefu, ambao maua yake huipa bia uchungu. Kila mwaka msimu wa kuchuma ulipofika, treni maalumu zilileta maelfu ya maskini kutoka mashariki ya London, mama na watoto, kuja kuchuma na kulala kwenye vibanda vya shambani. Manamba wa Kizungu, ndugu zangu! Kisha zikaja mashine za kuchumia, vibarua hawakuhitajika tena, na mwaka 1961 tawi la reli lililobeba wachumaji wale kwenda Hawkhurst likafungwa.

Ila Paddock Wood haikufa. Njia kuu ya London ilibaki, na watu wakaanza kuishi pale na kwenda mjini kazini kila asubuhi. Zao liliondoka, stesheni ikabaki na faida yake. Kwa hiyo swali la kwetu si kama mji wa stesheni unaweza kupona. Unaweza. Swali ni nani atakuwa mwenye nyumba siku utakapopona.

Maana reli imerudi. Aprili 2017 jiwe la msingi la reli ya kisasa liliwekwa Pugu. Soga ikawa kambi kubwa ya ujenzi, mataruma ya zege yakatengenezwa pale, na vijana wetu wengi wakapata ajira yao ya kwanza. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na tarehe 1 Agosti mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi hadi Dodoma. Pugu kuna stesheni, Soga kuna stesheni, Ruvu kuna stesheni. Na jirani zetu wa Kwala, humuhumu Kibaha, wamepata bandari kavu iliyozinduliwa Julai 2025.

Mimi nilipanda treni hiyo kwenda Morogoro nikalia, siwafichi. Miaka yote niliyokaa kazini sikudhani nitaiona. Lakini tulipofika Soga nilitazama nje nikaona jambo. Dirisha halifunguki. Kuna kiyoyozi, kuna kioo, na mlango unafungwa baada ya muda mfupi. Nyingine za mwendokasi hazisimami kabisa, zinapita. Pembeni kuna uzio mrefu, na mama mwenye beseni yuko upande wa pili wa uzio.

Simlaumu mtu. Treni ya umeme inayokimbia kilomita 160 kwa saa haiwezi kuuziwa maembe dirishani, na uzio unaokoa maisha ya watoto na mifugo. Ninachosema ni kwamba reli ya zamani ilitupa dirisha bila sisi kuomba. Hii ya sasa haina dirisha. Tukilitaka, tulijenge wenyewe.

Na wakati sisi tunashangaa kioo, wenzetu wananunua ardhi. Niwape mfano wa nyumbani, jina nalihifadhi. Binamu yangu alikuwa na ekari sita za bibi yetu, zenye mikorosho. Wakati wa ujenzi alikuja mtu, akalipa taslimu, karatasi ikaandikwa mezani kwa mama ntilie. Mke wake alipata habari baada ya wiki mbili. Pesa ikanunua pikipiki, pikipiki ikaanguka, ikaisha. Leo shamba lile lina ukuta, na mlinzi wa getini ni binamu yangu. Analinda mikorosho aliyoipanda bibi yake, na korosho zikidondoka haruhusiwi kuokota.

Ndugu zangu, sisemi mtu asiuze. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi mwenyewe ni mtoto wa mgeni aliyepewa ardhi. Lakini baba yangu aliomba mbele ya wazee, mchana, na mipaka ikapandwa minyaa mbele ya mashahidi. Huyu wa leo amenunua mezani kwa mama ntilie.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatupa njia. Kijiji kikiwa na mipaka inayojulikana na mpango wa matumizi ya ardhi, familia inaweza kupimiwa na kupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo inaweza kuandikwa majina ya mume na mke. Haimzuii mtu kuuza, ila inamfanya ajue anauza nini, mwenzake ajue, na halmashauri ya kijiji ijue. Hilo ndilo daftari tulilolikosa wakati wa mkonge.

Kwa hiyo mwaka huu chama kinawaomba mambo mawili tu. La kwanza, tuchangie upimaji wa mashamba ya familia katika vijiji vinavyopakana na reli, tukianza na wajane na wazee wasio na wa kuwasemea. La pili, tujenge banda la soko lenye ghala dogo karibu na njia ya kuingilia stesheni, kwa utaratibu na kibali, ili abiria anayeshuka akute korosho, muhogo na maembe, na mama asikimbizane na uzio. Makadirio yote ya gharama mtayakuta ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, na mweka hazina amekaa pale mlangoni na kitabu cha risiti. Ukitoa, andikiwa. Tusirudie makosa.

Vijana mliopo mjini, mnasema nyumbani ni mbali. Zamani ilikuwa kweli. Sasa unapanda treni Dar es Salaam na kabla hujamaliza mazungumzo kwenye simu umefika Soga. Njooni kabla mpaka wa shamba la bibi haujawa ukuta wa mtu mwingine.

Baba yangu alikufa akiwa na kipande chake cha mkonge ndani ya sanduku, kadi imechakaa, siku zote 30 zimewekewa alama. Kadi ile ilithibitisha kwamba alifanya kazi. Haikuthibitisha kwamba alimiliki kitu. Ningependa wajukuu zake warithi karatasi ya aina nyingine.

 Mweka hazina, naanza mimi.