Mji Uliobadili Wenyeji: Fundisho la Wrocław



Napenda leo tuutafakari mji wa Wrocław, ulioko Polandi kando ya mto Oder. Jimbo lake liliundwa mwaka 1000, wakati wa watawala wa Kipolandi. Baadaye mji ulitawaliwa na Bohemia, kisha Austria, na mwaka 1741 ukatwaliwa na Prussia. Wenyeji wake wengi wakawa Wajerumani, nao waliuita Breslau.

Mwaka 1939 Hitler aliivamia Polandi, na mamilioni ya watu wakaangamia. Mwaka 1945 vita viliugeukia mji wenyewe. Ulizingirwa karibu miezi mitatu, ukasalimu amri tarehe 6 Mei ukiwa magofu. Mkutano wa Potsdam wa mwaka huo uliuweka chini ya Polandi. Wajerumani walifukuzwa, wazee kwa watoto, wakichukua walichoweza kubeba. Walioingia katika nyumba zao walikuwa Wapolandi, na wengi wao nao walikuwa wameng'olewa makwao mashariki, katika maeneo yaliyotwaliwa na Urusi ya Kisovyeti. Hivyo aliyelala katika kitanda cha mwingine alikuwa amekiacha chake.

Kwa miaka ishirini kila upande ulihesabu majeraha yake. Ndipo tarehe 18 Novemba 1965 maaskofu wa Polandi wakawaandikia wenzao wa Ujerumani. Mwandishi mkuu wa barua hiyo alikuwa Askofu Mkuu Bolesław Kominek, mchungaji wa Wrocław. Walisema kwamba wanasamehe, na kwamba wao pia wanaomba msamaha. Serikali ya kikomunisti iliwashutumu vikali. Hata waamini wengi walinung'unika: sisi tuliotendewa, tuombe msamaha wa nini?

Wapendwa, barua hiyo haikufuta hatia ya Wanazi, wala haikumrudishia mtu nyumba yake. Ilikiri ukweli mmoja mgumu: aliyeonewa naye aweza kumwonea mwingine. Mpaka wa nchi hizo mbili ulithibitishwa kwa mkataba mwaka 1990, lakini njia ya mioyo ilikuwa imefunguliwa miaka ishirini na mitano kabla.

Basi tuulizane katika jumuiya zetu ndogo ndogo: Tunapodai haki, je, tuko tayari kusikia pia kilio cha yule tunayemdai? Na nani kati yetu ataanza kuandika barua?