Grafite, straika aliyekomaa akiwa na miaka 30

Wasikilizaji, tarehe 7 Juni 2010 Brazil walikuja Dar es Salaam wakijiandaa kwa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, wakatufunga 5–1 pale Uwanja wa Taifa, ambao leo tunauita Uwanja wa Benjamin Mkapa. Robinho alifunga mawili, Ramires mawili, Kaká moja, na sisi hatujalisahau bao la Jabir Aziz. Katika orodha ya wachezaji 23 wa kocha Dunga lilikuwemo jina ambalo siku ile halikuwa midomoni mwa watu: Grafite, mshambuliaji wa miaka 31. Kabla ya mwaka ule alikuwa ameichezea nchi yake mechi moja tu, dhidi ya Guatemala mwaka 2005, na alifunga. Leo namzungumzia yeye, kwa sababu safari yake inapinga jambo ambalo biashara ya soka imelifanya kuwa sheria, kwamba straika asiyejulikana akiwa na miaka 20 hana thamani tena.

Jina lake kamili ni Edinaldo Batista Libânio, mzaliwa wa jimbo la São Paulo. Katika umri ambao kijana mwenye kipaji kule Brazil huwa tayari ana wakala na mkataba, yeye alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akiuza mifuko ya kutilia takataka. Soka ya kulipwa aliianza akiwa mtu mzima, kwenye vilabu vidogo visivyooneshwa na televisheni. Akaenda Santa Cruz ya Recife, akaenda Grêmio, mwaka 2003 akafika hadi Korea Kusini, kisha akarudi nyumbani kuichezea Goiás. Mtu akiutazama mwendo huo kwa haraka atasema huyu ni mchezaji wa kuhangaika. Mimi naona mtu aliyekuwa akisoma kazi yake darasani kwa wengine, kwa kuwa darasa lake mwenyewe hakupewa.

São Paulo walimchukua mwaka 2004, na hapo ndipo Brazil ikaanza kumjua, ingawa si kwa namna aliyoistahili. Tarehe 13 Aprili 2005, katika mechi ya Copa Libertadores uwanjani Morumbi, aligombana na beki wa Quilmes ya Argentina, akatolewa kwa kadi nyekundu. Mechi ilipokwisha polisi waliingia uwanjani wakamkamata beki yule kwa tuhuma za kumtukana Grafite kwa rangi yake. Habari ile ilizunguka dunia nzima. Kwa muda mrefu, mtu mweusi aliyefika pale kwa jasho lake alijulikana kwa tusi kuliko kwa mabao, na hilo linaniuma hadi leo. Kisha goti likamweka nje kwa miezi. Januari 2006 aliondoka Brazil.

Hakwenda Madrid wala Milan. Alikwenda Le Mans, mji wa Ufaransa unaojulikana zaidi kwa mashindano ya magari ya saa 24, akacheza na akina Romaric wa Ivory Coast na Stéphane Sessègnon wa Benin. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 28, kocha Felix Magath akampeleka Wolfsburg, mji wa Ujerumani uliojengwa kuzunguka kiwanda cha Volkswagen. Klabu hiyo ilikuwa haijawahi kuchukua ubingwa wa ligi hata mara moja.

Sasa tufike kwenye msimu wa 2008/09, na hapa naomba mnipe muda. Ligi ilipokwenda mapumziko ya majira ya baridi, Wolfsburg walikuwa nafasi ya 9. Waliporudi wakashinda mechi 10 mfululizo. Zvjezdan Misimović alikuwa nyuma ya washambuliaji akigawa pasi za mwisho, na mbele walisimama wawili, Edin Džeko wa Bosnia na Grafite. Beki akimfuata mmoja, mwingine yuko huru. Džeko alifunga 26. Grafite alifunga 28 katika mechi 25 tu, akawa mfungaji bora. Jumla yao, mabao 54, ilivunja rekodi ya Gerd Müller na Uli Hoeneß iliyokuwa imesimama tangu msimu wa 1971/72.

Tarehe 4 Aprili 2009 Bayern walifika Wolfsburg, wakafungwa 5–1. Bao la tano Grafite alilianzia upande wa kushoto. Aliingia ndani ya boksi akiwapita mabeki mmoja baada ya mwingine, akampita na kipa, na wakati kila mtu akisubiri shuti, akaugusa mpira kwa kisigino. Mpira ulibingirika polepole, mabeki wakiutazama, ukavuka mstari. Kijana wa miaka 19 angepiga kwa nguvu, nina hakika. Kisigino kile kilitaka mtu ambaye moyo wake umetulia, anayejua mabeki wote wameshajitupa upande mmoja na kwamba nguvu haihitajiki tena. Wolfsburg walimaliza na pointi 69, Bayern 67, na Grafite akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka Ujerumani akiwa na miaka 30.

Angalieni soko la leo. Real Madrid walimnunua Vinícius Júnior akiwa na miaka 16, kwa takriban euro milioni 45, na ikabidi wasubiri afikishe 18 ndipo ahamie Hispania. Endrick naye wakaja kumsaini akiwa na miaka 16 vilevile. Sina ugomvi na vijana hao, wanajua mpira. Ninachokilalamikia ni haraka ya wanunuzi, wanaotaka kuvundika washambuliaji kama maembe. Kasi kijana huzaliwa nayo, nakubali. Lakini kujua mpira wa krosi utaanguka wapi kabla haujapigwa, kujua lini usikimbie, kumsoma beki aliyechoka dakika ya 80, hayo hupatikana kwa kucheza mechi nyingi, nyingine kwenye viwanja vibovu na timu zinazofungwa. Kuna wangapi walioachwa wakiwa na miaka 21, ambao mabao yao bora yalikuwa bado miaka 9 mbele? Hapa kwetu pia tunaye mchezaji anayepunguza umri kwenye karatasi kwa kuogopa kuachwa. Kosa ni lake, lakini hofu hiyo tumempa sisi.

Septemba 2009 Grafite alicheza mechi yake ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa, dhidi ya CSKA Moscow, akafunga mabao matatu peke yake. Dunga hakuwa na pa kukimbilia. Huko Durban, katika mechi ya Brazil na Ureno iliyokwisha 0–0, aliingizwa zikiwa zimebaki dakika 5. Hizo ndizo dakika zake zote za Kombe la Dunia. Naziona chache mno kwa mtu aliyekuwa ametoka kuifunga Ujerumani yote.

Mwaka 2011 alikwenda Al Ahli ya Dubai, akachukua ubingwa wa Emirates nao msimu wa 2013/14. Halafu, mwaka 2015, akiwa na miaka 36, akarudi Recife, Santa Cruz ileile iliyomchukua alipokuwa hajulikani, ikiwa daraja la pili. Mwaka huohuo ikapanda daraja la kwanza, naye akiwa mshambuliaji wake.