Jogoo wa Mwalimu



Nilipokuwa mwanafunzi wa bweni, mbali na kwetu Nyamira, nilichaguliwa kukimbia mita 5,000. Viatu niliazima, tena vikubwa mno. Mzunguko wa tatu kimoja kikachomoka, nami kwa kumwogopa mwenyewe nikarudi kukiokota! Nilifika wa mwisho, uwanja mzima ukicheka.

Barua niliyoandika nyumbani ilisema nimekuwa wa kwanza.

Jumamosi moja nikamwona baba langoni, jogoo kwapani. Amekuja kumshukuru mwalimu wa michezo. Mwalimu akauliza, "Ushindi upi, mzee?" Jogoo akawika. Yeye alikuwa na la kusema. Mimi sikuwa nalo.

Baba hakunipiga. Alinikumbusha Nyandika Maiyoro, mkimbiaji wetu wa Kisii, ambaye mwaka 1953 huko Madagaska alianza mbio wenzake wamekwisha kutangulia, akawapita wote. "Kuachwa nyuma si aibu, mwanangu. Lakini barua yako niliisomea kanisa zima."

Hapo nililia. Waebrania sura ya 12 inatutaka tuvue kila mzigo ndipo tupige mbio. Kumbe mimi nilidhani mzigo wangu ni kiatu!

Nilikiri yote mbele ya mwalimu. Baba akamkabidhi jogoo vile vile, kwa kunitunza. Kisha akaniagiza: Jumapili ya kwanza ya likizo nisimame kanisani, nisome barua nyingine.