Shoka Katika Ufuko wa Rumonge

Mwenye hoteli apenda wageni wake walione ziwa. Mlinzi wa zamu sharti auone mtumbwi unaokaribia. Haja hizo hazilingani uzito, lakini shoka ni lile lile.

Katika ufuko wa Tanganyika, toka Bujumbura hadi Rumonge, si kila mti uzibao macho unastahili kuangushwa. Mwembe hupunguzwa matawi ya chini, karibu na shina, pasipo kuchubua gamba. Macho hupita chini ya kivuli. Mchikichi, mali ya Rumonge, ni mwingine: una kichwa kimoja tu cha kuchipukia. Ukikatwa kilele, umekufa. Makuti ya chini ndiyo yaondolewayo.

Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 iliukinga ukanda wa meta 150 kandokando ya ziwa hilo. Ziwa lilipofurika mwaka 2021, na tena 2024, maji yaliingia majumbani Rumonge. Udongo usio na mizizi huchukuliwa na mawimbi upesi, na lindo lililojengwa juu yake pia.

Basi kabla ya kutoa amri, mkuu wa lindo na asimame mahali asimamapo askari wake, atazame ni tawi lipi hasa limzuialo.