Nyanya za Ukoo Wetu na Mbegu ya Marehemu Mama Mdogo

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa ukoo, Blacktown, Sydney)



Niliombwa nizungumzie hali ya ukoo. Nilipokaa kuandika niliona kwamba harusi, misiba na hesabu za mfuko wapo wenye kuzieleza kuliko mimi, nikaomba nizungumzie nyanya. Katibu alicheka, lakini mtu aliyekaa nasi Sydney anajua kwamba kwa miaka mingi sisi tulijuliana hali kwa njia hiyo. Simu ya mwezi wa Agosti haikuanza kwa "hamjambo", ilianza kwa "umekwisha sia?" Na aliyenyamaza wiki mbili mnamo Desemba, wakati nyanya za kwanza zinaiva, alifuatwa nyumbani kwake kutazamwa, kwa kuwa haikuwezekana mtu mzima awe na nyanya asitambe nazo.

Wengi wenu mnanifahamu kama karani mstaafu wa serikali ya jimbo hili. Kabla ya hapo, hadi mwaka 1995, nilikuwa bwana shamba wilayani Lushoto. Kazi yangu ilikuwa mabondeni, ambako wakulima hulima mboga wakati wa kiangazi kwa maji ya mifereji. Siku zile mbegu zilikuwa Money Maker, Marglobe na Roma. Zile za Tengeru 97 na Tanya zilitolewa mwaka 1997, nilipokuwa nimekwisha ondoka. Nyanya zilijazwa katika matenga, zikapakiwa lori usiku ili zifike Kariakoo alfajiri. Lori likiharibika njiani, bei ilikuwa ya kubembeleza. Nayasema haya ili vijana wajue kwamba mimi sikujifunza nyanya kama starehe ya mstaafu. Nimewaona watu waliosomesha watoto kwa tenga, na nimewaona watu hao hao wakimwaga mavuno mtaroni.

Nilipofika hapa nilidhani nitaanza upya. Vitabu vya bustani nilivyovizoea vilikuwa vya Kiingereza, vimeandikwa kwa ajili ya nchi ambayo Julai ni joto. Sydney haina taabu hiyo kwetu. Kipupwe chake kinaangukia Juni na Julai, kama cha Lushoto. Kaskazi ya nyumbani inapovuma, na hapa ni joto. Na baridi ya ghafla inayokata jua la mchana wa Desemba hutoka kusini. Mama mdogo aliuita upepo huo kusi tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyemsahihisha, maana alikuwa amesema kweli.

Sasa nieleze jinsi tulivyopotezana. Msimu wa 2018 tulikuwa nyumba 11 zenye nyanya, toka Hornsby hadi Campbelltown. Kisha ukaja ukame. Mnamo Desemba 2019 masharti ya maji yalifikia daraja la pili, tukawa tunamwagilia kwa ndoo na kopo, asubuhi kabla ya saa nne au jioni baada ya saa kumi, huku moshi wa misitu ukitanda. Tarehe 4 Januari 2020 Penrith ilifikia nyuzi 48.9. Binamu yangu wa huko alinipigia simu akasema nyanya zake zimepikwa zikiwa mtini. Hakuwa akitania. Mwaka uliofuata tukafungiwa majumbani, tangu mwishoni mwa Juni hadi tarehe 11 Oktoba 2021. Na sisi wa magharibi tukawekewa mpaka wa kilomita 5, na kwa muda amri ya kutotoka usiku. Mama mdogo alikuwa na miche zaidi ya 60 katika trei, kila mmoja umeandikwa jina la nyumba utakakokwenda. Hakuna aliyeweza kuifuata. Alipanda aliyoweza, iliyobaki akaiweka langoni wapita njia wajichukulie. Halafu ikaja 2022, mwaka ambao Sydney ilipata mvua zaidi ya milimita 2,500, kiasi ambacho hakikupata kuandikwa mjini humu kabla ya hapo. Bakajani ilimaliza kila kitu. Nyumba zilizobaki zilikuwa tatu, na simu za Agosti zikakoma. Mama mdogo alifariki mwaka 2023, na wapo kati yetu waliokutana mazishini baada ya miaka minne ya kukaa mji mmoja.

Msimu uliokwisha tumerudi nyumba nane. Nilizizungukia zote kwa treni na basi, na kwa hisani ya mkwe wangu mwenye gari, nami nitatoa taarifa kama nilivyozoea kuzitoa kazini.

Penrith wamefunga chandarua cha kivuli juu ya matuta, nao wameacha kupogoa. Juu ya jambo hili nina neno. Lushoto tuliwafundisha wakulima kuondoa machipukizi yote ya pembeni ili tunda liwe kubwa kwa ajili ya soko. Huku magharibi ya Sydney jani ndilo mwavuli wa tunda. Ukiuvua mti majani yake, siku ya nyuzi 40 nyanya huungua ubavu ikawa nyeupe kama iliyomwagiwa maji ya moto. Shemeji wa Campbelltown bado anapogoa na bado anabishana. Miti yake ni mirefu na mizuri sana kuitazama.

Campbelltown, kwa upande mwingine, wana sakitu, hivyo wasiwaige wa pwani ambao hupanda nje tangu Agosti. Wasubiri Septemba ipite. Nyumba mbili zililalamika kwamba nyanya zilioza kitako, nao walikwisha mwaga maganda ya mayai ndoo nzima. Maganda hayo huoza polepole mno kuisaidia nyanya ya msimu huo. Maradhi haya, mara nyingi, si ya udongo kukosa chokaa, bali ni ya maji yasiyo na utaratibu: leo mafuriko, kesho jangwa, na mti ukashindwa kuifikisha chokaa kwenye tunda. Tandazeni majani makavu shinani, mwagilieni kwa saa zinazojulikana.

Mpwa wangu wa Marrickville alifanya jambo la busara kabla ya kupanda. Alipeleka udongo wake kupimwa na mpango wa VegeSafe wa Chuo Kikuu cha Macquarie, ulioanza mwaka 2013. Nyumba kuukuu za katikati ya mji zilipakwa rangi yenye risasi, na petroli yenye risasi iliendelea kuuzwa Australia hadi mwanzoni mwa 2002. Sumu hiyo haiondoki udongoni kwa mvua. Kiwango kilichowekwa kwa bustani za nyumbani ni miligramu 300 kwa kilo ya udongo. Chake kilizidi. Sasa analima katika masanduku ya mbao yenye udongo wa kununua, na mtoto wake hachezi tena kando ya ukuta ule. Ninyi wengine wenye nyumba za zamani, msingoje.

Binti yangu anakaa ghorofani Parramatta. Ana ndoo tatu za lita 30 kwenye roshani, na nyanya ndogo za vishada. Zile ndogo husumbuliwa kidogo zaidi na nzi wa matunda wa Queensland, adui wetu sote. Dawa tuliyoitegemea wengi zamani, fenthion, imekatazwa Australia tangu 2015, na mimi binafsi siilii. Neti yenye matundu yasiyozidi milimita 2 inatosha, na msiogope kwamba itawazuia nyuki: ua la nyanya hujichavusha lenyewe, hata kwa kutikiswa na upepo. Au chumeni tunda linapoanza tu kubadilika rangi, liive ndani. Lililokwisha ingia funza lisitupwe kwenye mboji. Lifungeni katika mfuko mweusi, mfuko ukae juani wiki nzima.

Nafika kwenye jambo lililonileta.

Wengi mmekula nyanya ile nene yenye umbo la moyo wa ng'ombe, ambayo mama mdogo aliiita Nyanya ya Jirani. Baadhi ya watoto wanaamini aliileta kutoka nyumbani. Hakuileta, sheria za karantini za nchi hii zisingemruhusu, wala yeye hakuwa mtu wa kuficha mbegu kwenye upindo wa kanga. Alipewa na jirani yake, mzee wa Kiitaliano aliyekuja na mbegu za watu wa kijiji chake waliotangulia Australia. Mama mdogo alimpa mchicha na matembele juu ya ua, yeye akampa nyanya. Hawakuwa na lugha ya kuelewana zaidi ya maneno machache ya Kiingereza kibovu cha pande zote mbili. Mzee yule alipofariki, wanawe waliuza nyumba na bustani ikawa saruji. Kwa hiyo mbegu ya familia ile ilibaki kwa mwanamke wa Kisambaa.

Alipofariki naye, tulikuta chupa moja ya jamu, imeandikwa "2019". Mbegu ya nyanya iliyowekwa vizuri huishi miaka minne, mitano, pengine zaidi, lakini kila mwaka hupungukiwa nguvu. Nilisia mbegu 40. Zilizoota ni 9. Miche sita ndiyo iliyofika kuzaa, nayo niliipeleka nyumba tatu, ili mvua ya mawe ikipiga moja zibaki mbili. Leo ninazo mbegu mpya za kutosha kila nyumba iliyo hapa.

Kabla sijazitoa, nina sharti, na sharti lenyewe halitokani na ukali wa ofisini. Mwaka 2014 mdudu tunayemwita kantangaze aliingia Tanzania, akawafukarisha wakulima ambao nilikuwa nikiwafahamu kwa majina. Hapa nako, Agosti 2024, Australia ya Kusini iligundua kirusi kinachoyafanya matunda ya nyanya yakunjamane na kupata mabaka ya kahawia. Na Mei 2025 wakuu walikubali kwamba hakiwezekani kutokomezwa. Hakimdhuru mlaji, lakini huua mavuno, huenda kwa mikono, kwa visu na kwa mbegu, na kule kuvundika mbegu majini siku tatu, kama alivyotufundisha mama mdogo, hakutoshi kukiondoa. Kwa hiyo mkono wa ukarimu nao sasa unawe kwanza. Asipewe mtu mche wala mbegu iliyotoka kwenye mti wenye majani ya mabaka, hata kama anayeomba ni mkwe. Anayeona dalili asiniletee jani hapa mkutanoni. Apige picha, kisha aipigie simu idara inayohusika.

Sharti la pili ni kwamba kila anayechukua bahasha aandike jina lake kwenye daftari hili, na mwakani alete mbegu kutoka tunda lake bora, zimekaushwa kwenye sahani, zimeandikwa mwaka. Chupa moja kabatini tumekwisha iona ilivyokuwa karibu kutuponyoka. Wenye roshani wasijitenge: nyanya hii ni mti mkubwa kwao, lakini ndoo moja na mti mmoja vinatosha kutunza mbegu.

Bahasha ziko mezani pale penye chai, mbegu 12 katika kila moja. Ni wakati wa kuzisia ndani ya nyumba, dirishani penye jua. Daftari analo binti yangu, na simu za Agosti nitazianza mimi mwenyewe Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwa kufuata majina yatakayokuwa yameandikwa.