Njia, Lugha na Matibabu ya Wazee Katika Nyanda za Kati: Mfano wa Busi, Kondoa

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na katika utekelezaji wake wazee wasio na uwezo husamehewa malipo katika vituo vya umma, ambavyo vingi vimetenga dirisha la wazee. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba msamaha huo, pamoja na umuhimu wake, huanzia dirishani, ilhali gharama za mzee wa kijijini huanzia mlangoni pake. Kwa hiyo nauli na lugha hazina budi kuhesabiwa kuwa sehemu ya matibabu.

Kata ya Busi, wilayani Kondoa, inafaa kuwa mfano. Barabara kuu ya Dodoma hadi Babati, ambayo lami yake ilizinduliwa mwaka 2018, imepunguza sana adha ya safari kati ya mji wa Kondoa na Dodoma, mwendo wa kilomita zipatazo 160, lakini humfaa yule aliyekwisha kuifikia. Mzee wa kijijini hutegemea njia ya udongo inayokatwa na makorongo, na korongo lililokuwa mchanga mkavu mwezi wa Oktoba laweza kufurika kati ya Desemba na Aprili, ambao ndio msimu wa mvua. Chombo kilicho karibu ni bodaboda, ambayo mwenye maumivu ya nyonga au mwenye mtoto wa jicho, yaani ukungu unaoziba lenzi ya jicho, huipanda kwa shida. Naye akihitaji msindikizaji, nauli huwa ya watu wawili, kwenda na kurudi. Homa ya siku mbili ndugu huichangia wakaimaliza, lakini shinikizo la damu na kisukari ni maradhi sugu yenye kudai kliniki mara kwa mara, na kwa kuwa shinikizo la damu aghalabu haliumi, anayekosa nauli huahirisha kliniki hadi apatwe na kiharusi.

Kikwazo cha pili ni lugha. Kondoa na wilaya jirani ya Chemba ni eneo ambamo Kirangi, ambacho ni cha Kibantu, kinaishi jirani na Kiburunge na Kialagwa vya jamii ya Kikushi, pamoja na Kisandawe. Kiswahili kimeenea kote humo, lakini si kila mzee, hasa bibi ambaye hakupata shule, anaweza kueleza kwa Kiswahili maumivu yanayochoma na yanayonyonga kwa namna itakayomwongoza tabibu aliyetoka mkoa mwingine. Anayetafsiri huwa mjukuu au mkamwana, na mzee mwenye matatizo ya tezi dume, ambayo ni kiungo kilicho chini ya kibofu, hawezi kumtamkia mke wa mwanawe jinsi anavyokojoa. Husema anaumwa mgongo, akapewa dawa ya mgongo. Bahasha ya vidonge iliyoandikwa "1 × 2" nayo haimsaidii asiyesoma.

Tanzania haianzi patupu. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, humwezesha mjamzito mwenye dharura kusafirishwa kwa kupiga simu 115 bila malipo, na pale gari la wagonjwa linapokosekana huitwa dereva wa jamii anayelipwa na mfumo. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa mwaka 2024 nao ulilenga kuwapata wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Zanzibar imekuwa ikiwalipa pensheni wazee wote wenye miaka 70 na zaidi tangu mwaka 2016, na fedha hizo zaweza kuwa nauli.

Halmashauri, kwa hiyo, ziwape wazee siku maalumu za kliniki zenye usafiri uliolipiwa, zipeleke dawa za maradhi sugu hadi zahanati ya kijiji, na zihakikishe kwamba katika kila kijiji yupo mhudumu aijuaye lugha ya wazee wake na aliyekula kiapo cha kutunza siri zao. Msamaha wa matibabu usiofikika si msamaha.